Kuichagulia nguo bunduki yenye nakshi

Masika yalikuwa hayajaachia pale kijana mmoja, mwindaji bingwa, alipoingia karakanani kwangu Ngarenaro, Arusha, na bunduki ya marehemu baba yake. Aliniamkia, akaweka leseni mezani kabla sijaiuliza, akavuta bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, nione chemba ya risasi iko tupu. Hapo tu nikampenda. Kisha akatoa simu.

"Babu, nataka iwe kama hii."

Kwenye kioo cha simu palikuwa na bunduki ya Kiingereza, mwili wake una rangi zimetiririkiana, buluu, kahawia, kijivu, kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi la stendi. Nzuri, sikatai. Nikaishika yake. Bolti ya Mauser ya zamani, kaliba .375, ile ambayo Holland & Holland, watengeneza bunduki wa London, waliitoa mwaka 1912 na mpaka leo haijachoka porini. Nikavaa lenzi ya sonara. Kwenye kifuniko cha magazini, lile sanduku la risasi tumboni mwa bunduki, walikuwepo nyati wawili wanatoka kwenye matete, wamechorwa kwa nukta, nukta tupu, hata unyevu wa pua unauona. Chuma chenyewe kilikuwa cheupe, kimeshika madoa ya kutu kwa kulala sandukuni.

"Ukiivika hizo rangi," nikamwambia, "nyati wako wanarudi kwenye matete na hutawaona tena."

Alikaa mpaka saa kumi jioni. Tuliyozungumza ndiyo haya, ila nimeyapanga, maana siku ile tulikuwa tunarukaruka.

Mimi ni mtu wa Mamba, kule juu karibu na Marangu, ukoo wa wahunzi. Babu yangu alifua mikuki, na ndiye aliyenifundisha kusoma chuma kinavyobadilika kikipashwa moto: kwanza ganda la ndizi mbivu, kisha zambarau, kisha shingo ya kanga. Baadaye nilipuliza moto kwa sonara mmoja Moshi mjini, miaka sita, nikajifunza kalamu ya nakshi kwenye bangili. Halafu miaka kumi na tisa nikatunza ghala la silaha la kampuni ya uwindaji hapa Arusha. Kila Julai mpaka Desemba bunduki za wageni zilipita mikononi mwangu, za London, za Birmingham, za Ferlach kule Austria, na kila jioni mimi ndiye niliyezifuta. Kufuta bunduki za watu kila siku kunafundisha. Unaona nguo ipi inavumilia na ipi inachanika.

Nasema nguo kwa makusudi, yaani ile sura ya mwisho ambayo chuma kinavikwa. Ukisema rangi, mtu anawaza kopo na brashi. Karibu zote nitakazozitaja si za kupaka. Ni ngozi ya chuma chenyewe, imebadilishwa na moto, maji, chumvi au asidi. Hazina unene wa maana. Kwa hiyo hazifichi mchoro kwa kuufunika, zinauficha kwa kulichanganya jicho.

Anza na nakshi, simu iweke mfukoni

Kaa karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Usiende uani saa sita mchana: jua letu la saa sita linapiga utosini na kila mchoro unalala bapa. Saa tatu asubuhi ni nzuri, saa kumi jioni ni nzuri zaidi. Shika lenzi, kisha jiulize jambo moja tu: mchoro huu unasomeka kwa kina chake, au kwa vivuli vya nukta?

Mtindo wa nukta Waitaliano wanauita bulino, na waliofika nao mbali ni mafundi wa Gardone Val Trompia, mkoa wa Brescia. Firmo Fracassi ni jina ambalo mafundi wa nakshi wanalitaja kwa heshima popote walipo. Fundi anasukuma kalamu kwa nguvu ya kiganja, bila nyundo, na kila nukta ni ya kina kidogo mno, ukucha haukwami. Picha inatokea kama zile za magazeti ya zamani: nukta zikisongamana ni kivuli, zikitawanyika ni mwanga. Mchoro wa namna hii unataka ukuta wa kijivu ulionyamaza. Ukiuvika mabaka ya rangi, jicho halijui lipi ni baka na lipi ni bega la nyati. Ukiuvika weusi, nukta na uwanja vinakuwa kitu kimoja, na mwenye bunduki anabaki kuigeuzageuza mbele ya wageni akisema, "Subiri, mtaiona."

Wa pili ni mtindo wa Kiingereza, vikonyo vidogo vinavyojiviringa, vimesongamana, na mashada ya waridi katikati. Hauna picha ya kupotea. Ndiyo maana Purdey na watengeneza bunduki wenzake wa London wamezoea kuuvika rangi za mkaa wa mifupa, hizo za kwenye simu ya kijana: rangi zinacheza juu, vikonyo vinacheza chini. Na rangi zikiisha kwa kushikwashikwa miaka mingi, vikonyo vinabaki kwenye chuma cheupe na bunduki inapendeza upya, kama kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika.

Halafu ipo nakshi iliyochimbwa, ya Kijerumani na Kiaustria, majani ya mwaloni na wanyama walioinuka juu ya uwanja. Hiyo inajitengenezea kivuli. Ivike utakacho.

Dhahabu ina sheria yake. Ninayoizungumzia ni ya kupandikizwa: fundi anachimba mfereji wenye mdomo mwembamba na tumbo pana, anatia waya wa dhahabu laini na kuugonga mpaka unajaa tumboni na kujishikilia. Si ile ya kuchovya, ambayo ni utando tu na kidole gumba kinaumaliza kwa misimu michache. Dhahabu ya kupandikizwa haijali kutu wala chumvi za kutia weusi. Inaingia njano, inatoka njano. Inachotaka ni weusi nyuma yake. Kwenye kijivu inapooza, na kwenye rangi za mifupa inapotea katikati ya kahawia. Mteja anayetaka dhahabu na rangi za mifupa mahali pamoja huwa namwambia hao ni bibi harusi wawili kwenye ukumbi mmoja.

Weusi wa kutu

Huu naufanya mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Mtu akisikia kwamba mtutu unarembwa kwa kutiwa kutu anadhani namtania. Lakini ndivyo ilivyo. Mtutu unasuguliwa kwa mkono, unaondolewa mafuta yote, unazibwa kwa vizibo vya mbao huku na huku ili kutu isiingie ndani, halafu unapakwa dawa ya kuleta kutu, utando mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Kuanzia hapo hakuna kidole kinachougusa. Unauacha kwenye kabati lenye unyevu. Wakati wa masika kabati langu halihitaji kitu, hewa yenyewe inatosha. Agosti na Septemba, vumbi la Arusha likiwa limekausha mpaka midomo, naweka ndani sufuria ya maji ya moto na taulo lililolowa, la sivyo kutu inakuja kwa mabaka.

Kutu ikishakuwa vumbi jekundu lililosawazika, mtutu unachemshwa kwenye maji safi. Natumia maji ya mvua niliyokinga mwenyewe. Maji ya bomba ya huku yana madini mengi, ikiwemo ile floraidi inayotutia meno ukahawia, na yakikaukia kwenye chuma yanaacha madoa. Ndani ya maji yanayochemka, wekundu unageuka weusi huku unaangalia. Wenye kemia wanasema oksidi nyekundu imekuwa magnetaiti, Fe3O4. Babu yangu asingejali jina, angevuta kigoda. Hapa tulipo, mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 za Selsiasi, si 100. Kazi inafanyika vilevile, mimi naongeza dakika chache tu. Kisha unasugua kwa pamba laini ya chuma isiyo na mafuta, vumbi linatoka, weusi unabaki. Unapaka tena. Mara ya tatu chuma ni moshi wa kuni. Mara ya sita ni cheusi. Mara ya nane, ukikielekeza dirishani, unaona buluu imejificha ndani ya weusi, na hakimetimeti. Mimi inanichukua siku kumi. Anayekuahidi kesho anakupa kitu kingine.

Kitu hicho kingine mara nyingi ni chumvi moto: kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, pamoja na naitreti, vimechemshwa mpaka nyuzi 140 hivi. Unachovya bunduki, nusu saa baadaye nyeusi ti. Bunduki nyingi za viwandani zimevikwa hivyo na hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye bunduki ya mitutu miwili. Mitutu ile imeunganishwa kwa lehemu laini ya risasi na bati, pamoja na utepe wa chuma unaopita katikati yake. Kostiki inaila lehemu, na chumvi inaingia chini ya utepe ambako hakuna kitambaa kitakachofika. Mzee mmoja mkulima wa kahawa wa kule kwetu aliniletea ya kwake, ilitiwa weusi ng'ambo kwenye karakana ambayo sitaitaja. Kwa macho ilikuwa nzuri kuliko kazi yangu. Baada ya mwaka mmoja chumvi nyeupe ikaanza kutoka kwenye maungio kama jasho, na nyuma yake kutu. Ukiigonga mitutu kwa kifundo cha kidole haikulia kengele tena, ililia debe. Ilibidi itenganishwe yote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi wa mitutu miwili si bei. Muulize, "Unachovya kwenye chumvi, au unachemsha kwenye maji?" Akisita, funga begi.

Kijivu, mifupa na buluu ya shura

Kijivu cha Kifaransa ni chuma kilichosuguliwa vizuri kwa mawe ya mkono, kisha kikapitishwa kwenye asidi hafifu, mara nyingi ya fosfori, inayokiuma kidogo mpaka kiache kumetameta. Kisipopitishwa kwenye asidi kikabaki kinang'aa kama shilingi mpya, huitwa nyeupe ya sarafu. Kwenye bunduki za bei, chini ya weupe huo pana siri: kipande kilipikwa kwenye mkaa wa mifupa kikapata ngozi ngumu, halafu rangi zikaondolewa makusudi. Unaweza kujua kama chako kilipita huko. Chukua tupa ndogo, toa mti wa kitako, gusa mahali panapofichwa na mti. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, ngozi ngumu ipo. Ikishika na kutoa unga, chuma ni laini.

Kijivu kinaionyesha nakshi kuliko nguo nyingine yoyote, hasa fundi akipaka wino mweusi wa uchapaji na kufuta juu, wino ukabaki kwenye nukta. Ila hakina kinga hata kidogo. Nitarudi hapo kwenye jasho.

Rangi za mkaa wa mifupa sijawahi kuzipika, nimezitunza tu. Vipande hupangwa kwenye chungu cha chuma kilichojaa mkaa wa mifupa na wa miti, hupashwa zaidi ya nyuzi 700, kisha humwagwa kwa ghafla kwenye maji yanayopuliziwa hewa. Kaboni inaingia kwenye ngozi na kuifanya ngumu; rangi ni zawadi ya maji na hewa, na hakuna mpishi anayeweza kuahidi baka litakaa wapi. Ni utando mwembamba mno, kwa hiyo husitiriwa kwa vanishi. Vanishi ikiisha, viganja na jua vinaanza kula. Nakshi huchongwa kabla ya kupikwa, maana baada ya hapo ngozi inavunja kalamu. Na hapa nasema bila kupepesa: usipeleke bunduki iliyokwisha kutengenezwa kwa mtu wa mtaani mwenye tanuri aipike kwa ajili ya uzuri. Joto lile linaweza kupinda mwili wa bunduki na kuharibu ugumu ambao kiwanda kiliupima. Mwili wa bunduki ndio unaoshikilia mlipuko mbele ya jicho lako. Kazi hiyo irudi kwa watengenezaji, au isifanyike.

Wapo wanaoiga rangi hizo kwa mtungi wa gesi na dawa. Kwa picha ya simu zinatosha.

Buluu ya shura ndiyo ile shingo ya kanga ya babu yangu. Mchanganyiko wa chumvi za shura unayeyushwa, skrubu iliyong'arishwa inazamishwa, na rangi inategemea joto: kwenye nyuzi 230 hivi ganda la ndizi, 280 zambarau, 300 buluu inayowaka. Ni nguo ya vitu vidogo, skrubu na pini. Kwenye mwili mzima ingekuwa kelele, na isingedumu, kwa kuwa ukucha tu unaikwaruza. Usijaribu jikoni. Tone la maji likianguka kwenye shura iliyoyeyuka linalipuka kuwa mvuke na kurusha chumvi ya moto usoni.

Nikeli na rangi za kisasa za kupuliza na kuoka sizitii kwenye nakshi. Cerakote, kwa mfano, ina unene wa mikroni 25 hivi. Kwa bunduki ya kazi isiyo na mchoro ni kinga nzuri sana. Juu ya bulino ni kumwaga lami kwenye mkeka wa ukindu.

Gurudumu

Nguo yoyote utakayochagua inatanguliwa na kusugua, na hapo ndipo nakshi nyingi zinapofia. Gurudumu la polishi halijui kona. Linalegeza kingo za mchoro, linavuta matundu ya skrubu yawe kama vibonde, linafanya herufi za mtengenezaji zionekane zimeandikwa kwa kidole kwenye ugali.

Najua kwa sababu niliwahi. Ilikuwa kifuniko cha magazini chenye chui, nilikuwa kijana na nilitaka king'ae. Sekunde chache tu. Nilipokiinua, chui hakuwa na ndevu. Mwenye mali alikuwa mpole, alinitazama akasema, "Sasa ni paka," akaondoka. Afadhali angefoka.

Kwa hiyo muulize fundi anasugua kwa nini. Jibu unalotaka ni mawe na msasa ulioviringishwa kwenye kibao, kwa mkono, kuzunguka mchoro, siyo juu yake. Kama nakshi bado haijachongwa una bahati: sugua kwanza, chonga baadaye, vika mwisho. Kama imekwisha kuchongwa na ni ya nukta, ujue kila kusugua kunakula, na mara nyingi jibu sahihi ni kutosugua kabisa. Bunduki ya zamani yenye weusi uliochakaa kwa haki, pale inaposhikwa na pale inapobebwa begani, huwa siigusi. Wanunuzi wanaojua wanalipa zaidi kwa uchakavu wa kweli kuliko kwa weusi mpya.

Jasho

Sasa jiulize bunduki itaishi wapi na itashikwa na nani. Bunduki ya kukaa kabatini Njiro na kutolewa Krismasi inaweza kuvaa kijivu maisha yake yote. Ya kwenda pori la akiba la Rungwa, wiki tatu begani mwa mbebaji, mkono uleule umeshika palepale, hiyo ni habari nyingine. Jasho ni maji na chumvi, na chumvi haimngoji mtu amalize chakula cha usiku. Na viganja havifanani. Ghala letu lilikuwa na kijana mmoja, mchapakazi, ambaye akishika chuma cheupe jioni, asubuhi alama za vidole vyake zimeshachorwa kwa kutu. Tukampa glavu, si kwa ubaya.

Weusi wa kutu ndio unaovumilia zaidi, kwa sababu uso wake unashika mafuta. Chumvi moto inafuata. Kijivu ni cha mwisho, na kinga yake ni nta: ya Renaissance, iliyobuniwa kwenye maabara ya British Museum kwa ajili ya vitu vya makumbusho, ndiyo ninayoipenda. Paka kidogo, acha dakika mbili, futa. Mafuta yanakimbia na jasho, nta inabaki. Kuna kosa moja ninaloliona kila mwaka: bunduki inarudishwa kwenye ala ya ngozi baada ya mvua. Ngozi inashika unyevu na dawa za kulainishia, ni kama kuilaza na kitambaa kilicholowa. Ala ni ya safari. Nyumbani isimame wazi ndani ya kabati.

Mng'aro nao ni suala la porini. Mwili unaometa kama kioo unatupa mwanga mita mia, na mnyama anauona. Wawindaji niliowahudumia waliopenda bunduki za kumetameta walikuwa wale waliopiga picha nyingi kuliko risasi.

Tulivyoamua

Kabla ya kukata shauri, tengeneza kibao. Chukua kipande cha chuma laini ukubwa wa kadi ya benki, mwombe fundi nakshi achonge mchoro mmoja mara tatu, wa mtindo uleule wa bunduki yako. Kimoja kiache cheupe chenye wino, kimoja tia kijivu, kimoja tia weusi. Kiweke dirishani wiki nzima ukipite asubuhi na jioni. Kishike kwa mikono ya jasho makusudi. Ni gharama ndogo na inaondoa ubishi: kijana wangu alikuja na picha ya simu kichwani, na siku ya nne alinipigia mwenyewe. "Babu, zile rangi za simu nimezisahau kabisa. Naangalia ule mweupe wenye wino tu."

Tulifanya hivi. Kifuniko chenye nyati sikukisugua wala sikukitia asidi, kwa kuwa asidi haina macho, inakula uwanja na inakula nukta. Madoa ya kutu niliyatoa kwa mafuta na kijiti cha mwanzi, siku mbili nikiwa na lenzi, nikapaka wino, nikafuta, nikamaliza kwa nta. Mtutu ulivikwa weusi wa kutu, mara nane. Mwili, ambao pembeni ulikuwa na vikonyo vichache tu, ulibaki na weupe wake wa zamani. Skrubu nne zilipata shingo ya kanga. Aliomba herufi za jina la baba yake kwa dhahabu, akitaka ziwe karibu na nyati. Nikamsihi tuziweke kwenye kikingio cha kifyatulio, kwa kuwa hicho tulikuwa tunakitia weusi. Herufi tatu, basi. Aliuliza kama tunaweza kuongeza simba. Nikajifanya sikusikia.

Desemba, msimu ulipoisha, aliirudisha nikague. Mtutu haukuwa na neno. Skrubu moja ilikuwa imeshapoteza buluu kwa bisibisi ya mtu mwenye haraka. Kwenye kifuniko, pembeni kabisa ya matete, palikuwa na alama moja ya kidole gumba, nyekundu, haijafika kwa nyati. Nikaitoa kwa mafuta, nikapaka nta, nikampa kopo lililobaki na kitambaa changu cha fulana ya zamani, nikamwonyesha mbebaji wake aliyekuwa amesimama mlangoni jinsi ya kupaka. Kopo alilirudisha Januari. Kitambaa bado wanacho.